Imondo ya Meneja

Jumapili jioni, Shirere, Kakamega. Mvua imenyesha ile ya kwetu, ya kuanza saa nane na kupiga mabati kama ina hasira na mtu. Moyo wangu umelowa kuliko nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Shajara, Meneja amekufa.

Meneja ni mbwa wangu. Nilimwita hivyo kwa sababu tangu akiwa mdogo alizunguka boma akikagua kila sufuria na hakufanya kazi yoyote. Wewe unajua mimi si mtu wa kulia. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha. Niliwahi kuendesha baiskeli hadi Mumias bila kushika usukani, nimebeba mbuzi, na mbuzi akalala usingizi njiani. Mtu kama huyo halii. Lakini leo nimelia hadi kamasi, na sikujificha.

Nilijua anaondoka juzi, trekta ya miwa ilipopita. Trekta ndizo zilikuwa ugonjwa wake. Akisikia mlio alitoka mbio, akaruka nyuma ya trela, akachomoa muwa mmoja, akauleta nyumbani akitembea kama mtu aliyetoka kushinda kesi. Wala hakuula. Alipenda tu kuiba. Juzi trekta ilipita karibu kabisa na lango, naye akainua sikio moja. Moja tu. Kisha akalirudisha chini.

Daktari wa mifugo alikuja, akamdunga sindano, akaniambia ni uzee. Nikamwambia mbwa wangu hazeeki. Akanitazama, akafunga mkoba wake polepole.

Asubuhi hii nimemkuta amelala mlangoni pa jikoni, pua ikiangalia ndani.

Huku mbwa akifa watu humvuta kwa kamba hadi kichakani, mambo yameisha. Mimi nilichukua jembe. Nikachimba nyuma ya jikoni, kando ya migomba. Jirani yangu Baba Ingosi akaegemea ua, akaanza.

"Baba Muhonja, sasa isukuti inakuja saa ngapi? Watu wa ngoma umewaambia?"

"Enda zako."

"Na matanga je? Niambie mapema nilete kiti."

Siku nyingine ningempa ile hadithi ya Meneja na chui, vile alimfukuza kutoka msituni mpaka mjini, mpaka chui akapanda boda kuokoa maisha yake. Baba Ingosi ameisikia mara nyingi na bado anaiombanga. Nilifungua mdomo. Chui akawa mdogo, akazidi kuwa mdogo, akatoshea mfukoni. Nikaendelea kuchimba.

Baba Ingosi akapita ua, akashika miguu ya nyuma, mimi ya mbele, tukamshusha.

Aliyeniuma ni Mama Muhonja, mke wangu. Alipita na kuni kichwani na hakugeuza shingo.

Namwelewa. Siku wazee kutoka Butere walipokuja kuzungumzia mahari ya binti yetu Muhonja, yeye ndiye alipika jogoo. Na imondo, ile firigisi ya kuku, kwetu si nyama ya kila mtu. Siku za kawaida ni ya baba mwenye boma; siku kama hiyo ni ya mgeni mkubwa. Ilikaa juu ya sahani ya msemaji wao, inang'aa. Mzee akainama kunawa mikono. Alipoinuka, Meneja alikuwa anameza.

Mimi nikasimama: "Wazee wangu, msishtuke. Hapa mbwa ndiye huonja kwanza. Akimeza bila kukohoa, ndoa itadumu." Mzee alicheka mpaka wakampiga mgongo. Na ndoa imedumu, wajukuu wapo.

Lakini Mama Muhonja alipata aibu ambayo kicheko hakikuiosha. Mgeni wa binti yake alirudi kwao bila kula imondo, na jiko ni lake. Tangu siku ile hakulitaja tena jina la Meneja. "Hiyo mbwa yako," basi. "Siku itakufa ndio nitapumzika."

Haya, imekufa. Nikawaza, apumzike yeye, mimi nilie peke yangu.

Jioni ameniletea obusuma, ugali wetu, na kuku. Kuku! Kwa siku kama hii! Nilidhani anasherehekea, hasira ikanipanda hadi masikioni. Nikavuta sahani nitafute imondo yangu. Miaka yote ya ndoa yetu, kama hakuna mgeni, haijawahi kukosa. Nikainua paja, nikapekua mchuzi. Hakuna.

"Mama Muhonja, imondo iko wapi?"

Alikuwa anapanguza meza, hakuniangalia. "Nimempatia mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Si mimi niko hapa?"

"Meneja."

Akaendelea kupanguza palepale, mahali palipokuwa pameshakauka.

Nilitoka na mikono yenye ugali. Kando ya migomba, juu ya udongo uliolowa, kulikuwa na kipande cha jani. Juu ya jani, imondo nzima, haijakatwa, imekaangwa vile alivyoikaanga siku ya wazee wa Butere.

Mimi sikosi maneno, Shajara. Kakamega nzima inanijua kwa hilo. Nilisimama pale nikitafuta neno kubwa la kumfaa mbwa aliyemshinda chui, na sikulipata. Nikachuchumaa tu.

"Kula," nikamwambia. "Hii hukuiba."

Kesho asubuhi trekta za miwa zitapita kama kawaida. Nitageuza macho wapi?