Umelilipia Jina Langu

Mdogo wangu wa pekee,

Mungu ametuamsha salama. Mguu umepungua kuvimba, na cherehani yangu kuukuu bado inakunywa mafuta kuliko mimi ninavyokunywa chai.

Juzi alikuja mama mmoja niliyewashonea binti zake wote. Alikuja kunilaumu.

"Mama Vifungo, unahama bila kuaga? Nimeandika jina lako kwenye simu, nikaletewa duka la mdogo wako. Gauni la harusi nimeshaliagiza huko!"

Nikaenda kwa fundi wa matangazo. Akanieleza kwamba mwenye duka huchagua maneno ambayo wateja huyaandika wakitafuta kitu mtandaoni, akayalipia, na duka lake likatangulia. Tukajaribu. Tukaandika "gauni la harusi," ukatokea wewe. Sawa, hilo ni la wote. Tukaandika "Mama Vifungo," ukatokea wewe tena, juu yangu.

Fundi akacheka. "Mama, huyu mjanja! Na wewe lipia jina lake."

Nimekataa. Jina la Mama Vifungo ulinipa wewe, ukiwa darasa la pili, nikikushonea vifungo vya sare kila wiki kwa sababu ulikuwa hutulii. Nimelipia langu mwenyewe, ili anayenitafuta anipate.

Nakuombea kila siku, hata leo. Lakini ukija kwangu, usiniite Mama Vifungo. Niite dada, maana hilo bado hujalitia bei.

Wako wa tumbo moja,
Dada