Niliomba Mbele ya Mashine ya Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee ya Seven Hills. Kuogesha wazee, kubadili mashuka, kugawa uji wao usio na ladha. Mzee wa chumba cha mwisho kanitemea dawa. Nimempangusa, nikampa tena. Mgongo unauma.

Simu imelia wakati wa chai, ni kule nilikoomba kazi ya usalama. Idara. Mtihani wa mashine ya uongo ni Jumanne ya wiki ijayo, mjini. Nimeshapita mbio, hesabu, daktari na mahojiano. Umebaki huu tu. Nikipita, navaa sare. Nikianguka, kwao ndiyo basi, na mwanamke wa simu kasema kila kikosi nitakachoomba baadaye kitaniuliza kama nimewahi kuanguka. Kasema kwa upole kabisa. Nilirudi kazini, nikamalizia mashuka yaliyobaki.

Nasikia hapa jimboni waajiri wamekatazwa kutumia mashine hiyo. Idara hii ni ya serikali kuu, ina mambo yake.

Alhamisi, 6 Machi

Sina la kuficha. Nimejichunguza kama anayetafuta chawa. Sijaiba, sijavuta bangi, sijampiga mtu. Basi naogopa nini?

Najua ninachoogopa. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kabla hatujapewa safari ya Australia, walituhoji kila mtu chumba chake. Mama huku, mimi kule, mtoto wa miaka tisa. Bwana mmoja aliniuliza marehemu baba alikuwa analala upande gani wa kitanda. Nilijibu kweli, kisha nikalia, maana sikujua Mama kajibu nini. Tangu siku ile mtu mwenye kalamu akiniuliza hata jina langu, moyo unakimbia. Mashine itajuaje tofauti ya mwoga na mwongo?

Wanjiru wa kazini, Mkenya, kanicheka. "Wacha stress bana. Enda hapo, ujibu, utoke. Usijaribu kuwa mjanja." Rahisi kwake kusema. Yeye anaomba kazi ya jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Idara ilituambia waombaji tusitangaze. Ukimtoa Wanjiru, nilimwambia Mama peke yake. Mama kamwambia Mungu, na pale kanisani kwetu Rooty Hill anayemwambia Mungu anatumia kipaza sauti.

Nikaitwa mbele. "Binti yetu ana mtihani wa serikali." Mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Nimekasirika, kisha nimelia, kisha nimeshukuru. Yote kwa wimbo mmoja.

Baada ya ibada Mama Riziki kanivuta pembeni. Ni kiongozi wa maombi, Mkongomani wa Uvira, sauti yake hata Blacktown wanaisikia. "Mwanangu, kila swali, mbele ya kujibu, vuta pumzi, uite jina ya Yesu mara tatu ndani ya roho. Alafu unatosha pumzi, unajibu polepole. Ile machine haitakuweza. Mimi nilifanyaka hivi kwa interview ya visa, na niko hapa."

Mama kaongeza kufunga. Tunafunga wote wawili mpaka mtihani uishe. Mama hapendi sare. Maisha yake yote sare ilikuwa kitu cha kukimbia, hata hapa akimwona polisi anavuka barabara. Lakini anashinda na njaa ili mimi niivae. Hilo limenimaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Njaa. Nimefanya mazoezi ya pumzi chooni kazini. Vuta, ita, ita, ita, toa. Inafanya kazi! Moyo umeacha kukimbia.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi. Naandika sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Chumba kidogo, hakina dirisha. Mpimaji mtu mzima, mpole, anajikuna kidevu. Kanisomea maswali yote kabla. Kanifunga mikanda kifuani na tumboni, vitu vya kubana kwenye vidole, na kile cha presha mkononi. Kila siku nawafunga wazee kile cha presha, sikuwahi kujua kinavyotisha.

Duru ya kwanza nikafanya kama nilivyofundishwa. Kila swali. Nilikuwa mtulivu, nikajisifu moyoni. Duru ya pili katikati akasimamisha. Akaitazama skrini, akanitazama mimi. Akauliza nani kanifundisha kupumua hivi.

Nikasema ukweli. Kanisani. Naomba.

Kila swali? Ndiyo, kila swali.

Akaandika. Akaniambia kuna watu hujifunza kupumua hivyo hivyo ili kuichanganya mashine, na mikanda ile kazi yake ni kupima pumzi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani inapima maneno.

"Just breathe normally, please."

Nikajaribu kupumua kawaida. Jamani, nilijaribu! Swali likija, hofu inakuja. Hofu ikija, jina la Yesu linakuja lenyewe, na pumzi inalifuata. Nimeombea hofu tangu nikiwa mtoto, sijui kuogopa kwa namna nyingine. Tukarudia. Tukarudia tena. Jasho hadi kwenye vidole. Mwishoni akashukuru, akanifungulia mlango bila kunitazama.

Kwenye treni nimekaa hadi Mount Druitt bila kujua nimepitiliza kwetu.

Jumatano, 12 Machi

Nimetapika. Mama anasema nimekula haraka baada ya kufunga. Naogopa. Sina zaidi la kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

Kimya. Namba yoyote nisiyoijua inanishtua. Leo ilikuwa kampuni ya umeme.

Nilipiga idara kuomba nirudie mtihani. Wamesema nisubiri. Kanisani wananiuliza majibu, nasema bado. Mama Riziki anasema ushindi tayari, anacheza kidogo. Natabasamu hadi mashavu yanauma.

Wanjiru nimemweleza yote. Safari hii hakucheka. "Ai. Si nilikushow usifanye kitu?" Kisha kanishikia zamu ya jioni nikalale. Sikulala.

Jumanne, 1 Aprili

Majibu. Hawakusema mimi mwongo. Wamesema nilijaribu kuvuruga kipimo kwa makusudi. Hakuna kurudia. Hakuna rufaa. Wananitakia heri.

Nimesoma kwenye simu, nimesimama, kwenye stoo ya nepi za wazee.

Afadhali wangeniita mwongo. Mwongo anaweza kuwa mwoga tu aliyekosea. Huyu waliyemwandika ni mjanja, kajiandaa. Nilitaka kuomba polisi wa jimbo mwakani, na magereza kama polisi wakikataa. Wataniuliza kama nimewahi kukataliwa na kwa nini. Nitasema kwa sababu ya kuomba? Nani atanielewa?

Nimemchukia Mama Riziki kutwa nzima. Hata Mungu nimemnunia. Jioni hasira imeisha, hofu imerudi mahali pake, lakini safari hii si hofu ya mashine. Mama akijua kwamba sala ndiyo iliyoniangusha, ataomba vipi tena? Hiyo ndiyo nguzo aliyotoka nayo kambini. Nyingine zote zilibaki huko.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua nyepesi. Mama anachambua maharage mezani. Nimemwambia hawakunichukua.

Katupa punje mbovu pembeni. Kisha kaniuliza kama niliomba vile Mama Riziki alivyonifundisha.

"Niliomba, Mama."

"Kila swali?"

"Kila swali."

Kashusha mabega. "Basi sisi tulifanya yetu. Si sisi tulioharibu."

"Si sisi, Mama."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza tangu mambo haya yaanze. Umetoka vizuri tu. Mama kanitazama, kaamini, karudi kwenye maharage yake. Nimechukua kisu, nikakata vitunguu.

Kesho anataka tumpelekee Mama Riziki sufuria ya maharage, kumshukuru kwa maombi. Nimesema nitaibeba mimi.