Wakili Aliyeletwa na Ema

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimepata kazi! Kanada! Nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo wa baridi kali, wanataka muuguzi mwenye uzoefu wa miaka miwili. Mimi ninayo hiyo miwili kamili. Walinihoji kwa video nikiwa ndani ya stoo ya dawa ya kliniki yetu hapa Migori — ndipo mtandao unaposhika. Leo wamejibu. Nimeruka mpaka nikaangusha maboksi ya glavu. Terry, tunayefanya naye zamu, alifikiri nimeumwa na nge.

Sasa ni viza. Terry anasema nisijaribu peke yangu, nitafute wakili wa mambo ya uhamiaji. Lakini nani?

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa off, nikaenda Kisumu kumwona Wakili Onsongo. Mama wa makamo, hana maneno mengi. Anashirikiana na mwenzake aliyesajiliwa kule Kanada kwenyewe, na akanionyesha mahali pa kuhakikisha majina yao wote wawili. Nikamuuliza, nitapata? Akasema wakili wa kweli haahidi viza, anayeamua ni afisa wa kule. Yeye anaahidi faili safi tu. Na nisitie sahihi kitu sijasoma, hata kama ni yeye amenipa.

Nimerudi nimenyong'onyea. Nilitaka kuambiwa ndiyo.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani, Kendu Bay. Nimemsafisha Mama kidonda cha mguu. Sukari imepanda tena. Dada yangu mkubwa, Ema, ndiye anakaa naye tangu aachane na mumewe.

Nilimweleza Ema habari ya Onsongo. Akacheka. Eti huyo wa Kisumu hanijui, atanizungusha. Kuna mtu wetu, Elkana, wakili, tunaabudu naye, ana ofisi Homa Bay. Ameshapeleka watu! Twende pamoja, akasema.

Nilidhani Ema atanuna. Kumbe ananitafutia njia! Alinikumbatia pale jikoni kwa muda mrefu. Nikalia kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Elkana ana suti ya bluu na ofisi inayonuka rangi mpya. Kwanza akatuombea. Kisha akasema viza yangu ni kama iko mfukoni. Atajaza kila kitu mwenyewe kwa kompyuta, nisijisumbue. Nikauliza amesajiliwa wapi.

"Huku na kule, dada yangu."

Niliona aibu kuendelea. Mtu ametoka kuniombea! Nikampa vyeti vyote. Ema alikuwa anaangalia nje dirishani tu.

Jumanne, 13 Mei

Bado. Elkana anasema subira. Ema naye anasema subira.

Ijumaa, 18 Julai

Wamekataa.

Si kukataa tu. Wanasema nimedanganya. Nimefungiwa miaka mitano, hata kuomba siruhusiwi. Eti nilipeleka barua kwamba nimefanya kazi miaka sita katika hospitali moja ya Nairobi. Hospitali sijawahi kukanyaga! Na nani alitaka miaka sita? Walitaka miwili!

Mwezi uliopita walikuwa wameandika kuuliza, nijieleze. Swali lilifika kwa Elkana. Hakuniambia. Leo amenitumia jibu kwa WhatsApp, bila hata pole, kisha akazima simu.

Nimemaliza zamu. Sijui niliwadunga watu sindano namna gani.

Jumatatu, 21 Julai

Kisumu tena. Onsongo alitafuta jina la Elkana mbele yangu. Kenya, hayuko. Kanada, hayuko. Si wakili wa popote. Hakunigombeza. Angenigombeza ningesikia nafuu.

Anasema kuna mlango mwembamba: kuomba waangalie upya, tukionyesha sikujua. Muda ni mfupi. Na anahitaji kiapo cha mtu aliyekuwepo Elkana akisema atajaza mwenyewe.

Aliyekuwepo ni Ema.

Jumatano, 23 Julai

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Kendu Bay. Nilimkuta Ema uani anachagua omena, dagaa wa ziwani. Nikamweleza yote, nikamwambia tumedanganywa sote wawili. Hakuinua kichwa.

"Mimi sikudanganywa, Rispa."

Nikadhani sijasikia vizuri.

Akasema alijua. Mwaka jana Elkana alimharibia binti wa jirani, Adhiambo, hivyo hivyo. Mimi nilikuwa Migori, sikupata habari. Yeye alikuwa nazo.

"Nilijua utakataliwa. Basi. Ukataliwe, ubaki. Hayo ya kufungiwa miaka sikujua, haki ya Mungu."

Nikamuuliza, kwa nini? Ndipo akaniangalia.

"Wewe unakuja Jumapili, unafunga bandeji, Mama anakusifu, unaondoka. Usiku ni nani anamwinua? Ungeenda Kanada, mimi ningetoka hapa lini?"

Angesema! Angenitukana, anililie, tugombane mpaka majirani waje. Ningemsikiliza. Lakini alinikumbatia. Nilimwambia ndoto yangu na yeye akanishika mkono akanipeleka Homa Bay, akakaa kwenye kiti, akasema amina.

Na kuhusu Mama hajasema uongo. Hilo ndilo linanikaba.

Ijumaa, 25 Julai

Ema amepiga simu. Atakuja kuapa. Ataeleza yote, hata kwamba alijua. Ila kwanza amwambie Mama mwenyewe. Sikumshukuru. Nilisema sawa.

Jumatatu, 28 Julai

Kendu Bay, asubuhi. Naandika nikiwa sebuleni. Onsongo anatungoja saa tano.

Ema alikuwa chumbani kwa Mama, mlango umefungwa. Nilisikia kilio, sikujua cha nani. Kisha Mama akaniita. Ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Akasema ameambiwa, na Ema amekosa, amemkemea. Lakini mtoto wake hataenda kuapa mbele ya watu kwamba alimuuza ndugu yake. Kanisani tutaingiaje?

"Yaishe hapa, nyathina, mwanangu. Kazi si unayo Migori?"

Nikamuuliza, na mimi, Mama? Mimi si mtoto wako? Akageukia ukuta.

Nimetoka. Ema amesimama mlangoni, gauni la kanisa, kitambulisho mkononi, viatu miguuni. Mama anamwita kwa jina lake la utotoni, avue viatu, arudi ndani.

Hajavua. Hajatoka pia. Ananiangalia mimi, anangoja niseme twende au avue —