Tope la Mfereji wa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Baba Shiru,

Chupa tena, kule maabara. Nimeziosha, nikazijaza maji, nikatia sabuni kidogo ya kuoshea mashine za shamba la maua, na tone la tope la maji taka. Kifuniko, kisha kabati lenye giza. Vijidudu wa tope wakiila sabuni, oksijeni ndani ya maji hupungua. Isipopungua, sabuni haiozi, na haifai kuachiliwa ziwani.

Tope linatakiwa litoke mabwawa ya maji taka ya mjini. Bosi wangu, Kiprono, alinituma mfereji wa shamba lenyewe. Ni karibu, alisema. Linanuka mayai viza. Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumatatu, 10 Machi

Oksijeni imeshuka sana. Kiprono alipiga makofi. Nikamuuliza mbona haraka hivi. Akacheka.

"Mathe, hao wa mfereji wamekula hii sabuni miaka mingi. Wameizoea kama wewe na ugali."

"Na wale wa ziwani?"

"Watajifunza."

Nilitoka nje nikatema mate.

Jumatano, 19 Machi

Mabomba ya maji yamekauka hapa mtaani Kamere. Sote tumechota ziwani. Niliitazama ndoo yangu muda mrefu kabla ya kupikia chai maji yake.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukimtolea Shiru miiba ya samaki, hata alipofika darasa la saba. Ulimwita mtoto wa gavana.

Sijamwambia mtu tope lilikotoka. Najichukia.

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa jaribio. Mama mmoja wa kampuni inayonunua maua alikuja kukagua. Akauliza tope lilitoka wapi.

"Mabwawa ya mjini, madam," Kiprono akasema.

Mama akanigeukia, maana mimi ndiye mchotaji. "Ni kweli, mama?"

Niliweka chupa mezani. "Hapana. Ni la mfereji wa hapa chini."

"Msamehe, madam. Huyu mathe amechanganyikiwa tangu bwanake afariki," Kiprono akadakia.

Alikutaja wewe ili kufunika uchafu wake. Kinyaa nilichohisi hakikutoka kwenye tope. Nikasema, "Madam, twende nikuonyeshe." Akavaa gambuti akanifuata. Harufu ilimfikia kabla hatujafika. Alifunika pua, akauliza kama sabuni ile ile hupita hapo. Nikasema kila siku.

Jumapili, 6 Aprili

Jaribio litarudiwa kwa tope la mjini. Sabuni imezuiwa kwanza. Mimi nimeambiwa nisirudi.

Nimekuja kwenu Bahati. Nimepalilia kaburi lako. Mvua imeanza na mahindi ya mama yako yametoa majani mawili mawili. Hakuniuliza habari za kazi. Alinipa viazi vya moto, akasogeza kiti chake karibu na changu.

Kumetulia. Shiru amelala chumbani.

Huko uliko, unikumbuke.