Nani Alimwambia Tarishi Habari za Moto Wetu?

Mbulu mjini, Jumatano ya baridi kali, mwezi wa saba

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Manyunyu yanashuka kidogo kidogo, na upepo wa upande wa kijiji cha Daudi unapenya hata ukijifunika kanga mbili. Vidole vimekufa ganzi na mwandiko umeharibika, lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Mjini kwetu siku hizi kuota moto ni kosa.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye baraza mbele ya boma. Karani akatusomea amri ya Bwana Shauri, Mzungu anayetawala wilaya: ndani ya mipaka ya mji ni marufuku kuwasha kuni ndani ya nyumba, iwe kwa kupika au kwa kuota. Kuni ziwashwe uani tu. Anayetaka joto chumbani atumie makaa. Sababu, alisema, ni nyumba za nyasi zilizoungua nyuma ya soko, na misitu inayokwisha. Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi nikawa natazama nani anafurahi. Nilimwona Mzee Hamisi, jirani yetu, anatabasamu. Yeye anauza makaa sokoni.

Tangu siku ile sikuiamini tena nyumba yake.

Hapa kwetu tunaishi na Mama, mama mzazi wa mume wangu Rajabu. Ni Mwiraqw wa Daudi. Alipofiwa na mumewe alirudi kukaa kwao, shambani kwa kaka zake, mpaka mwaka huu alipougua kifua na Rajabu akamleta mjini awe karibu na hospitali. Mama bila moto hapati usingizi. Katika chumba chake cha nyuma palikuwa na mafiga matatu na gogo linalofuka kutwa nzima. Baada ya amri tukakubaliana tuendelee kimya kimya. Nani atajua?

Juzi tarishi wa boma akaja. Hakupiga hodi mbele. Alizunguka uani akaenda moja kwa moja hadi mlango wa Mama, akamwaga ndoo ya maji juu ya gogo, akabeba kuni zote. Akamwambia Rajabu kwamba mara ya pili atasimama mahakamani. Mama alibaki ameketi kwenye kigoda, anatazama majivu yaliyolowa.

Alijuaje ni chumba kile?

Swali hilo limenikaba tangu juzi. Uani kwetu anakuona mtu mmoja tu, Mama Zubeda, mke wa Mzee Hamisi, kwa juu ya ua wa minyaa. Nani mwingine? Na nani anafaidika kuni zikizimwa? Jana tulikutana kisimani, nikampita bila kumpa shikamoo. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Wanawake waliokuwa pale waliacha kuchota maji wakatutazama.

Leo asubuhi akaja na beseni la makaa.

"Mama Asha, mpe bibi aote," alisema. "Sitaki kitu."

Niliyapokea kwa sababu Mama alikuwa anatetemeka, lakini moyoni nikajiuliza: huyu anatuhurumia, au anatuzoesha biashara ya mumewe? Nikawasha jiko, makaa yalipokuwa mekundu nikaliweka karibu na kitanda. Nikaziba dirisha kwa gunia, nikafunga mlango joto lisitoke, nikaenda kukaa dukani kwetu. Rajabu alikuwa amekwenda Dongobesh kufuata mzigo wa chumvi.

Mchana nilimpelekea uji. Nikaita, hakuitika. Nikasukuma mlango. Mama alikuwa amelala ubavu, ametapika, macho nusu wazi, mkono unaning'inia kama si wake. Nilimtikisa. Kichwa kilianguka upande.

Nilijua papo hapo: makaa yametiwa dawa.

Nilimkumbatia kifuani nikamburuta hadi uani, kwenye manyunyu, huku napiga kelele. Wa kwanza kufika akawa Mama Zubeda, amepita kwenye pengo la ua, miguu pekupeku. Nikamsukuma.

"Umemuua!" nilipiga kelele. "Umetuchongea kwa tarishi, sasa umeleta na sumu!"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wote walisikia. Mama Zubeda alipiga magoti kwenye matope, akamweka Mama kichwa mapajani, akawa anampepea kwa mtandio wake na kumwita, "Bibi, vuta pumzi. Bibi." Mimi nilisimama tu.

Mama alikohoa. Akakohoa tena, akafungua macho, akalalamika kichwa kinapasuka. Mganga wa hospitali alipofika aliingia chumbani, akatoka upesi, akatazama lile gunia dirishani.

"Nani alifunga hapa?" aliuliza.

"Mimi."

"Makaa hayafungiwi ndani na mtu. Hewa yake inaua, na huisikii harufu."

Mama Zubeda alijifuta matope magotini, akaenda zake kwao.

Jioni, Rajabu amerudi, tumekaa na Mama jikoni uani. Nikamwambia mume wangu kwamba hata kama sumu hakuna, tarishi ni lazima aliambiwa na nyumba ile. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Nilimwita mimi," alisema.

"Ulimwita nani, Mama?"

"Tarishi. Alikuwa anapita njia ya nyuma. Nikamwambia, mwanangu, huku kuna moto, ingia uone." Akamtazama Rajabu. "Nilidhani wakiuzima mtanirudisha Daudi. Kila siku nakwambia nataka kwangu, unanijibu hospitali, hospitali."

Rajabu aliinamisha kichwa. Halafu akasema Ijumaa, baada ya sala, atampeleka. Mama akaomba uji.

Mimi nikavuka ua. Nilimpa Mama Zubeda shikamoo kutoka mbali, akaitikia marahaba bila kuondoka mlangoni. Nikamwomba radhi, kwa yale ya kisimani, kwa kumsukuma, kwa lile neno mbele za watu. Alisema yamekwisha. Lakini hakunikaribisha, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mlango kwa nyuma.

Ndipo nikaisikia harufu. Moshi wa kuni, mbichi kidogo, unatoka ndani kwake. Nyumbani kwa muuza makaa!

Aliona kwamba nimesikia.

"Mzee Hamisi ana baridi ya mifupa," alisema kwa sauti ya chini. "Makaa hayamtoshi. Mama Asha, nakuomba."

"Mimi sijasikia kitu, mama," nilimjibu.

Alinitazama usoni kwa kunichunguza, kisha akafunga mlango taratibu. Nikasikia komeo.

Ilikuwa ahadi ya kutoka moyoni. Sitamwambia mtu, hata Rajabu. Lakini mtaa mzima ulinisikia leo nikimwita muuaji na mchongezi, na sasa siri yake iko mdomoni mwangu.

Ningekuwa yeye, ningeniamini?