Kipande cha Chuma Kwenye Bega la Bashir

Nimenakili hapa ukurasa mmoja kama ulivyo kwenye daftari langu la mwaka 1997, nilipokuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, Garissa.

Jumatano. Joto tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kurasa hizi.

Fomu ya kuomba matibabu imefika. Ameituma binamu yetu aliyeko Ulaya, kutoka hospitali anakofanya kazi ya usafi. Madaktari wa huko wanajaribu njia mpya ya kutibu saratani, na kakangu Bashir ana uvimbe shingoni. Nairobi walikataa kuukata kwa kuwa umeshikana na mishipa. Dawa za kawaida zilimtapisha hadi akabaki mifupa, akaziacha.

Nilimsomea taratibu, kwa Kisomali. Dawa inashikizwa kwenye chembe za chuma, ndogo kuliko hata chembe za damu. Wanazidunga kwenye mshipa, kisha wanaweka sumaku yenye nguvu karibu na uvimbe. Sumaku inazivuta na kuzizuia hapo hapo, dawa isisambae mwili mzima.

Bashir alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Ramadhani.

Kisha nikafika kwenye swali la tisa: je, mgonjwa ana chuma chochote mwilini?

Akashika bega lake. Miaka minne iliyopita majambazi walilimiminia risasi lori lake karibu na Rhamu. Kipande kimoja kilibaki begani, juu ya mtulinga, na daktari akasema kiachwe.

"Andika hapana, abaayo, dada yangu," akasema. "Ni risasi hiyo. Sumaku haivuti madini ya risasi."

"Na kama ni chuma cha mlango wa lori?"

"Andika hapana! Wakiona ndiyo, nafasi yangu watampa mtu mwingine."

Nakiri hapa, kwa kuwa siwezi kukiri kwingine: kalamu yangu ilikuwa imeshagusa kisanduku cha hapana.

Nikaiweka chini. Nikaenda shuleni, nikachukua sumaku ya stoo, nikarudi. Nilimwambia avue shati, nikaishusha polepole juu ya lile kovu.

Alinidaka mkono.

"Iondoe! Kinavutwa. Wallahi kinavutwa, Sahra!"

Tulitazamana. Sumaku hiyo mimi huokotea misumari mbele ya wanafunzi, basi. Ile ya hospitalini ina nguvu mara ngapi? Na kipande kiko upana wa kidole tu kutoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo.

Bashir alivaa shati lake. Alifunga vifungo kimoja kimoja, akashindwa na cha juu kwa sababu ya uvimbe.

"Andika ndiyo," akasema.

Niliandika. Chini yake nikauliza kama wanaweza kukitoa kwanza, kabla ya matibabu. Akatia sahihi mwenyewe. Nilikimbia hadi posta, nikawakuta wanafunga dirisha, nikawasihi wakaipokea.

Sasa adhana ya magharibi imekwisha na bado sijainuka kwenye mkeka.

Naogopa.

Wakimkataa, ni mimi nitakayekuwa nimemfungia mlango. Kila asubuhi nitautazama uvimbe ule ukikua na nitajua. Lakini ningedanganya, ningeletewa habari kwamba amekufa chini ya sumaku yao, na hilo pia ningelijua peke yangu.

Dakika chache zilizopita aliniuliza kupitia pazia kama kukitoa kutauma. Nilimjibu kwamba watamlaza usingizi, hatahisi kitu. Nilisema kwa sauti ile ninayotumia darasani, ya mtu mwenye uhakika.

Sina uhakika wa lolote.

Kesho nikimaliza vipindi nitampeleka hospitali akapigwe picha, tujue kipande kimekaa wapi hasa. Hatutangoja jibu la Ulaya. Nitamshika mkono njia nzima, hata wanaume wenzake wakimcheka.