Slaidi za babu zamuumbua Ami Mahfudh

Shaza uko?? Wallahi Ami Mahfudh leo kaumbuka mbele ya wakwe!

Walikuja Kisauni kumposa bintiye. Nawe wamjua Ami, ukigusa wali kwa kushoto akuchapa kofi la mkono papo hapo kwenye sinia. Basi akamwamuru mwanawe Imad aziingize kwenye kompyuta slaidi za marehemu babu, vile vipicha vya kutazamia mwangani, azioneshe kwenye TV, wageni waione adabu ya ukoo wetu.

Picha ya kwanza, karamu ya Idi. Watu wanakula kwa kushoto. Kushoto, Shaza! Babu mwenyewe kashika tonge kwa kushoto!

Mara Ami akaona kitoto kimoja kinakula kwa kulia. Ni yeye! Akasimama, akajipiga kifua: "Mwaona? Ukoo mzima, mimi pekee ndiye niliyefunzwa nikafunzika!"

Kamtupa babake mzazi mbele za watu, vivi hivi!

Bi Zubeida, mama wa bwana harusi, akaukazia macho ukuta wa kwenye picha. "Mbona Bismillahi ile yasomeka kinyume?"

Imad akashika kichwa. Slaidi alizitia kwenye mashine nyuma mbele. Akabonyeza, picha ikageuka, Bismillahi ikanyooka, na mikono yote ikawa ya kulia.

Yote, ila wa Ami.

Bi Zubeida akamsogezea sinia ya biriani, taratibu: "Karibu, Bwana Mahfudh. Kula kwa mkono uutakao, si sote jamaa sasa?"